Kwa Nini Wimbo Unakuliza? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara kuhusu Muziki na Hisia

Nimepiga kibodi na kufundisha sauti kwenye kwaya kwa miaka mingi, na haya ndiyo maswali ninayoulizwa mazoezi yakishaisha, watu wakikusanya karatasi zao. Wengi huuliza kwa kunong'ona, kama anayemweleza daktari jambo la siri. Sijui aibu inatoka wapi. Majibu mengine ni marefu kwa kuwa jambo lenyewe lina mengi. Mengine nimeyamaliza kwa sentensi mbili.

Wimbo ukifika mahali fulani mwili unanisisimka mpaka malaika yanasimama. Ni nini hicho?

Malaika hayo ni zile nywele laini za mwilini, si wale wa mbinguni, ingawa kuna siku mtu huona kama wote wamehusika. Kwenye shina la kila unywele pana msuli mdogo mno ambao huwezi kuuamrisha. Mwili ukishtuka, neva zinazokuandaa kupambana au kukimbia huukaza msuli huo, unywele ukasimama, ngozi ikafanya vipele. Ni kitu kile kile kinachokupata ukipigwa na baridi au ukikutana na nyoka njiani. Ajabu ya muziki ni kwamba hakuna baridi wala nyoka, na bado unataka urudiwe.

Mwaka 2001 watafiti wa Chuo Kikuu cha McGill, Montreal, waliwapiga watu picha za ubongo huku wakisikiliza muziki waliouchagua wenyewe, ule unaowasisimua kila mara. Sehemu za ubongo zilizochangamka zilikuwa zile zinazochangamka kwa chakula kitamu na kwa dawa za kulevya. Miaka 10 baadaye, mwaka 2011, wenzao wa mji huo huo walionyesha kwamba kemikali iitwayo dopamini humwagika kweli, tena kwa awamu mbili: inamwagika sehemu moja ya ubongo wakati unangojea pale unapopapenda, halafu sehemu nyingine pale penyewe panapofika. Ushike hilo la kungojea. Karibu kila jibu linalofuata linalirudia.

Mbona ni pale pale kila mara, si kwingine?

Fanya jaribio hili sasa hivi, kwa sauti au kimoyomoyo: imba do, re, mi, fa, so, la, ti. Halafu nyamaza. Usiimalizie do ya juu.

Umeona inavyowasha? Hakuna aliyekukosea, hakuna kilichoharibika, lakini ubongo umeshaandaa kiti na mgeni hajaja. Muziki wote unaishi kwenye mwasho huo. Mtunzi anakujengea tazamio, anakucheleweshea, anakupa nusu, anakupitisha njia usiyoitegemea, kisha anakufikisha. Leonard Meyer, msomi wa muziki wa Marekani, aliliandika hilo mwaka 1956 kwa kirefu: hisia inazaliwa pale tazamio linapozuiwa au kucheleweshwa.

Mwaka 1991 mwanasaikolojia wa Uingereza, John Sloboda, aliwataka wasikilizaji wataje sehemu hasa za muziki zinazowaliza au kuwasisimua. Majibu hayakutawanyika ovyo. Machozi yalipenda kuja pale mahadhi yanapokanyaga noti inayogongana kidogo na zilizo chini yake, kisha yakashuka hatua moja na kupumzika. Ni kama mtu anayeshusha pumzi baada ya kubeba mzigo. Kusisimka kwa mwili, kwa upande wake, kulipenda mabadiliko ya ghafla: sauti zinapohamia mahali ambapo sikio halikuandaliwa.

Mimi nimeliona kwa macho. Siku moja niliwaimbisha watu ubeti mzima sauti moja tu, wote pamoja, bila kinanda. Ubeti wa pili nikaiachia sauti ya nne, ile nzito ya besi, iingie chini yao, polepole, noti ndefu. Dada mmoja wa sauti ya kwanza alikatika katikati ya neno, akageukia ukuta, akafuta uso na karatasi ya nyimbo. Wimbo wenyewe alikuwa anaujua tangu utotoni. Kilichobadilika ni sakafu: mahadhi yale yale, lakini sasa yalikuwa yamesimama juu ya kitu.

Kama siri ni kutotegemea, mbona wimbo niliousikia mara mia bado unanigusa?

Kwa sababu kujua ni kuwili. Wewe unajua kiitikio kinakuja. Lakini ile sehemu ya ubongo inayokisia noti inayofuata hufanya kazi kwa mazoea ya muziki wote uliowahi kuusikia, si kwa kumbukumbu ya wimbo huu mmoja, na haikusubiri wewe. Noti isiyo ya kawaida inabaki si ya kawaida hata ukiijua. Ndiyo maana mtoto anayejua vizuri kwamba fisi atatumbukia shimoni bado anajificha shukani fisi akianza kukaribia.

Tena ukishaujua wimbo ndipo unapoanza kuungojea. Kungojea ni nusu ya utamu.

Nikiwa na huzuni natafuta wimbo wa huzuni. Si ndiyo kujichimbia shimo?

Kwa wengi, hapana. Huzuni ya wimbo haikudai kitu. Hakuna aliyekufa, hakuna deni, hakuna simu unayopaswa kupiga. Unaipata hisia bila gharama yake, na mwili unapata ruhusa ya kulia ambayo mchana kutwa uliunyima. Tena kuna kule kupata mwenzako: mtu usiyemfahamu, pengine alishafariki, anaimba kitu ulichodhani ni chako peke yako.

Mwaka 2014 watafiti wawili wa Berlin waliwahoji watu 772 kuhusu muziki wa huzuni. Hisia iliyotajwa zaidi haikuwa huzuni. Ilikuwa ile hamu tamu ya mambo yaliyopita, ya kumkumbuka mtu au wakati na kutabasamu kwa macho yenye maji. Kiswahili tunayo maneno mawili matatu ya kuizunguka, shauku, hamu, ukiwa, lakini hakuna moja linaloibeba yote. Labda ndiyo maana tunaiimba.

Sasa upande wa pili, na hapa sitaki mtu anisikie vibaya. Kuna anayesikiliza ili machozi yatoke yaishe, na kuna anayesikiliza ili aendelee kulizungusha jambo lile lile kichwani. Wa pili anaweza kujiumiza, hasa kama tayari ana sonona. Kipimo ni chepesi: ukizima muziki, umekuwa mwepesi au mzito zaidi? Kama kila mara ni mzito zaidi, badilisha wimbo, na umtafute mtu wa kuongea naye.

Wimbo unatuambiaje kwamba ni wa huzuni hata kabla ya neno la kwanza?

Unaiga sauti ya mtu. Msikilize mwenye msiba anapoongea: taratibu, chini, kwa sauti ndogo isiyopanda wala kushuka sana, kila sentensi ikianguka mwishoni. Kisha msikilize aliyepata habari njema. Muziki umeazima vitu hivyo vyote: mwendo, ukubwa wa sauti, urefu wa noti, namna zinavyopanda na kuporomoka. Fidla inayolia inaitwa inayolia kwa sababu kweli inafanya anachofanya koo la mtu anayelia. Na sisi kwa kawaida huambukizana hisia. Ukikaa na mwenye kucheka utacheka.

Je, hili ni la wote au tumefundishwa? Yote mawili. Mwaka 2009 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa kwa watu wa Mafa, kaskazini mwa Kameruni, ambao hawakuwa wamewahi kusikia muziki wa Magharibi. Walipopigiwa vipande vya kinanda walitambua kipi cha furaha, kipi cha huzuni, kipi cha hofu, mara nyingi kuliko ambavyo wangebahatisha. Lakini mwaka 2016 wengine walikwenda kwa Watsimane, jamii ya wenyeji wa Bolivia, Amerika Kusini, wakawapigia noti zinazopatana na zinazogongana. Kwa Watsimane zote zilipendeza sawasawa. Kumbe hata kile tunachokiita sauti kukwaruza masikio ni malezi ya masikio. Vivyo hivyo imani kwamba skeli ya maina, ule mpangilio wa noti ambao wengi huuita wa huzuni, lazima iwe ya kilio: kuna muziki mwingi wa kuchezwa uliojengwa juu yake, na hakuna anayelia.

Kinachogusa ni maneno au ni muziki?

Umewahi kulizwa na wimbo wa lugha usiyoijua? Basi umejijibu.

Niongeze kidogo tu. Maneno yanaiambia huzuni jina lake. Muziki unaileta kabla haijapewa jina. Vikikutana vizuri, mtu hana pa kukimbilia. Waarabu wana neno tarabu, ndilo lililotupa taarab, na asili yake si aina ya muziki bali ni hali inayompata msikilizaji: kukolewa hadi kupagawa. Umm Kulthum, mwimbaji wa Misri aliyefariki mwaka 1975, alijulikana kwa hilo. Ukumbi ukipiga kelele kuomba, aliurudia mstari mmoja tena na tena, kila mara akiugeuza kidogo, na wimbo mmoja ukapita saa nzima. Maneno yalikuwa yale yale. Watu walikuwa wanangoja kuona safari hii atayapitisha wapi.

Wimbo wa zamani ukipigwa sikumbuki tu, narudi kabisa. Naona hata rangi ya pazia.

Muziki hujifunga kwenye kumbukumbu pamoja na kila kilichokuwepo: harufu, mtu, mwanga wa chumba. Na kumbukumbu zinazoshika zaidi ni za kati ya miaka 10 na 30, wakati kila kitu kinatokea mara ya kwanza na hisia ziko juu juu. Kwa hiyo usibishane na wazazi wako kwamba muziki wa enzi zao ulikuwa bora. Wao wanasikia ujana wao, wewe unasikia ngoma na gitaa. Na wewe zamu yako inakuja.

Kamba hiyo huwa ngumu kukatika. Clive Wearing, mwanamuziki wa Uingereza, alipata maambukizi ya virusi yaliyovimbisha ubongo mwaka 1985 na tangu hapo kumbukumbu yake mpya hudumu sekunde chache tu. Lakini akiwekwa mbele ya piano aliweza kupiga, na mbele ya kwaya aliweza kuiongoza. Wagonjwa wengi wa Alzheimer, ugonjwa unaofuta kumbukumbu polepole, pia huimba nyimbo nzima wakati majina ya watoto wao yameshapotea.

Shangazi yangu alikuwa hivyo. Mwaka wake wa mwisho aliniita kwa jina la kaka yake kila nilipoingia, nami niliacha kumsahihisha. Jioni moja nilikuwa nakunja nguo kitandani kwake huku naimba kwa chini, sauti ya kwanza, bila kufikiria. Akaingia na sauti ya pili. Hakukosea neno wala noti, na mwisho wa ubeti alinitazama kwa hasira kidogo kwa sababu niliunyosha mwisho kuliko inavyotakiwa. Alikuwa amenisahau mimi, hakuwa amesahau kwamba noti ile ni mapigo matatu.

Mimi muziki haunifanyi chochote. Nina kasoro?

Hapana. Wapo watu, ni wachache, ambao wanasikia muziki vizuri, wanatofautisha wa furaha na wa huzuni, lakini raha haiji. Watafiti wa Barcelona waliwapima watu wa namna hiyo mwaka 2014: mioyo na ngozi zao hazikutikiswa na muziki, lakini walipocheza mchezo wa kushinda pesa walichangamka kama mtu mwingine yeyote. Raha yao ipo, ila haipitii mlango huo. Hilo ni tofauti na wale wasioweza kabisa kutambua noti, ambao kwao wimbo unaweza kuwa kama vyombo vinavyoanguka jikoni.

Ukiwa na rafiki wa hivyo, tafadhali acha kumtumia nyimbo ukimwambia "sikiliza hii, lazima itakugusa".

Kwa nini kwenye onyesho la moja kwa moja nguvu inazidi mara kumi ya nyumbani?

Kwanza besi. Sauti nzito huisikii masikioni tu, inakutetemesha kifua. Pili, mapigo yanakutawala: mguu unagonga kabla hujaamua, kisha wa jirani, kisha mnayumba pamoja, na miili inayotembea pamoja huanza kujihisi mwili mmoja. Mwaka 2013 watafiti wa Gothenburg, Uswidi, waliwapima waimbaji wa kwaya mapigo ya moyo wakiimba pamoja. Kwa kuwa wanavuta pumzi pamoja mwisho wa mistari, mioyo yao ilianza kuharakisha na kupunguza mwendo kwa pamoja. Mtu aliyewahi kusimama kwenye kwaya hashangai.

Tatu, umati wenyewe unaambukiza. Tusidhani ni mambo ya leo: miaka ya 1840 mpiga piano Franz Liszt alipokuwa akizunguka Ulaya, mashabiki waligombania leso na glavu zake, na mwaka 1844 mshairi Heinrich Heine akautungia ugonjwa huo jina kabisa.

Je, kumpigia mtoto muziki wa Mozart, yule mtunzi wa zamani wa Ulaya, kutamwongezea akili?

Hapana. Habari hii ilianza mwaka 1993 na utafiti mdogo, tena wa wanafunzi wa chuo, si wa watoto. Walifanya vizuri zaidi fumbo moja la maumbo kwa dakika 10 hadi 15, basi. Hata hivyo mwaka 1998 gavana wa jimbo la Georgia, Marekani, aliomba fedha za umma ili kila mtoto anayezaliwa apewe rekodi ya muziki wa namna hiyo. Muziki wowote unaomchangamsha mtu unaweza kumsaidia kwa muda huo mfupi.

Mtoto hahitaji Mozart. Anahitaji wewe umbembeleze, hata kama sauti yako inapinda. Masikio anayo tayari. Mwaka 2009 ilionyeshwa kwamba vichanga vya siku mbili tatu, wakiwa wamelala, ubongo wao ulishtuka pigo kuu la mdundo liliporukwa. Mtu ambaye hajafikisha wiki moja duniani naye anangojea.

Muziki unatibu?

Neno kutibu ni kubwa. Unasaidia, na mahali pengine unasaidia sana. Mwanzoni mwa karne hii, huko Helsinki, wagonjwa 60 wa kiharusi waligawanywa mafungu matatu: wengine walisikiliza muziki wanaoupenda kila siku kwa miezi miwili, wengine vitabu vilivyosomwa kwa sauti, wengine hawakupewa kitu. Wa muziki walirudiwa na kumbukumbu ya maneno na umakini haraka zaidi, na hawakuzama sana kwenye huzuni. Wagonjwa wa Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaovuruga mwendo wa mwili, ambao miguu inaganda huweza kutembea vizuri zaidi wakifuata mdundo. Wapo waliopoteza kuongea baada ya ubongo kuumia lakini kuimba kumebaki, na wataalamu hutumia mlango huo kuyarudisha maneno. Kabla ya upasuaji, muziki hupunguza wasiwasi.

Kazi hii ina wasomi wake. Mafunzo ya shahada yalianza Michigan, Marekani, mwaka 1944, wakati hospitali zikijaa majeruhi wa vita. Na kwa haki, kuna upande wa kiza: wapo watu wachache sana ambao muziki huwaamshia kifafa, jambo lililopewa jina la kitabibu mwaka 1937.

Nisikilize muziki gani nitulie?

Wa polepole, unaoupenda, ambao hauna mshtuko. Halafu uzime. Siyo mzaha: utafiti uliochapishwa mwaka 2006 na madaktari wa Italia ulipima moyo, pumzi na shinikizo la damu muziki ukipigwa. Muziki wa kasi uliyapandisha yote. Utulivu mkubwa kuliko wote ulikuja kwenye kimya cha dakika mbili walichokipachika katikati ya nyimbo. Kwenye kimya hicho mwili ulishuka chini ya ulipoanzia.

Sauti ikiwa kubwa hisia zinazidi. Kuna ubaya?

Upo. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidi desibeli 80 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) kwa saa 40 kwa wiki. Kila unapoongeza sauti, saa hizo zinapungua haraka, na vinyweleo vya ndani ya sikio vikifa haviotei tena.

Wimbo niliokuwa nikilia nao sasa umekuwa wa kawaida. Utamu unarudi?

Unarudi, ila si kwa kuulazimisha. Umeupiga mara nyingi mno, ukazoea hata sekunde ya kungojea. Mbaya zaidi, wengi siku hizi wanavuta kwa kidole moja kwa moja hadi pale wanapopapenda, wanasikiliza nusu dakika, wanaruka. Huko ni kula chumvi kwa kijiko.

Uache miezi miwili mitatu. Ukikuganda kichwani, imba nyingine. Kisha usiku mmoja, kazi zimeisha, vaa hedifoni, simu uifunike uso chini, na uanze mwanzo kabisa, hata kwenye ule utangulizi mrefu wa kinanda ambao huwa unauruka.